Geti pana la mbao linaposhuka: kutafuta sababu kabla ya kushika msumeno

Geti la mbao likianza kuburura chini, wengi wetu humwita fundi aje na msumeno apunguze ubao wa chini. "Mzee, nikitoa inchi moja tu hapa, litapita," fundi husema, na kweli litapita. Masika yakiisha limeshuka tena. Safari hii ubao wa chini umebaki mwembamba, viungo vya kona vimefunuka, na maji yanapenya moja kwa moja ndani ya mti. Hapa Mombasa, mitaa ya Nyali, Kizingo na Tudor, kuna mageti ya mvule, mbao za kudumu miaka mingi, yaliyoharibiwa kwa mtindo huu. Inauma kuyatazama, maana ugonjwa haukuwa kwenye ubao wa chini hata kidogo.

Geti hushuka kwa sababu nguzo imesogea, au bawaba zimelegea, au fremu yenyewe imepoteza mraba wake. Mara nyingine ni mawili kwa pamoja. Kila sababu ina alama yake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Vipimo vya robo saa

Tafuta tepu, pimamaji ndefu au timazi, kipande cha mbao cha kuinulia, na mtu wa kukusaidia. Funga geti, simama barabarani, utazame mwanya ulio kati ya mabawa mawili.

Mabawa yakigusana juu huku chini kumeachana, basi bawa zima limezunguka kama kitu kimoja: ncha yake imeshuka na kichwa chake kimesogea katikati. Fremu bado ni nzima. Kosa liko kwenye nguzo au bawaba.

Mwanya ukiwa sawa juu na chini, miimo (mbao za wima za pembeni) imesimama wima, lakini mbao za kulala zinateremka kuelekea katikati, basi fremu ndiyo iliyopinda. Thibitisha kwa tepu: pima kutoka kona ya juu ya upande wa bawaba hadi kona ya chini ya upande wa komeo, kisha pima mshazari wa pili. Bawa lenye mraba lina vipimo viwili vilivyo sawa. Fremu iliyoshuka hurefuka kwenye ule mshazari wa kwanza na kufupika kwenye wa pili. Tofauti ya milimita mbili tatu isikutie hofu, pengine ilikuwako tangu karakana. Ikifika sentimita, umeshampata mkosaji.

Sasa weka pimamaji kwenye nguzo na umwombe mwenzako ainue ncha ya bawa kwa kulitia kipande cha mbao chini, hadi uzito utoke kwenye bawaba. Kiputo kikihama, nguzo inacheza. Nguzo ikitulia na bawaba ndiyo inayosogea, tazama parafujo na kipini. Usiruke kipimo hiki, kwa sababu nguzo ya mawe huonekana imara kwa macho hata pale inapoegemea kila geti linapofunguliwa.

Nguzo inaegemea ndani

Hapa ndipo matatizo mengi ya Mombasa yanapoanzia, kwa hivyo nitakaa hapa zaidi.

Bawa la geti ni mzigo unaoning'inia pembeni. Halisukumi nguzo chini tu. Linaivuta kwenye bawaba ya juu na kuisukuma kwenye bawaba ya chini. Nguvu hiyo unaweza kuikadiria mwenyewe: chukua uzito wa bawa, zidisha kwa nusu ya upana wake, gawanya kwa umbali kati ya bawaba ya juu na ya chini.

Tuseme bawa la mvule lenye upana wa mita 1.8 na kimo cha mita 1.8, mbao za unene wa milimita 25, fremu ya milimita 100 kwa 50. Litafika kama kilo 90. Bawaba zikiwa mita 1.4 mbali, bawaba ya juu inavutwa kwa nguvu ya karibu kilo 58. Sogeza bawaba ziwe sentimita 90 mbali, kama mafundi wengine wanavyofanya kwa kufuata mazoea ya mlango wa chumbani, na mvuto unakuwa kilo 90. Sasa panua bawa hilo hadi mita 3. Uzito unafika kilo 140, na hata bawaba zikiwa mita 1.4 mbali, mvuto ni kilo 150. Upana haukufika hata mara mbili, lakini mvuto umezidi mara mbili na nusu. Ndiyo maana geti pana haliwezi kupangwa kama geti dogo lililorefushwa.

Kilo 58 au 150 hizo zinavuta mchana na usiku, na nguzo nyingi hapa ni matofali ya matumbawe yaliyopangwa, yakapigwa plasta, yakapakwa rangi. Tofali la matumbawe linabeba vizuri mzigo unaolikandamiza kutoka juu. Kuvutwa kando halikuumbiwa. Bolti iliyochimbiwa ndani yake hulegea kidogo kidogo na kutoka na unga mweupe. Ukiona unga huo, au ufa unaozunguka bamba la bawaba, acha kukaza bolti. Unazidi kulichimba jiwe.

Dawa ya kudumu ni nguzo ya zege yenye nondo: nondo 4 za milimita 12, ringi kila sentimita 15 hadi 20, na vyuma vya bawaba vikiwa vimefungwa kwenye nondo kabla ya zege kumwagwa. Ukitaka sura ya matumbawe, vika mawe kwa nje baadaye. Mchanga uwe wa mtoni. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi hula nondo ndani ya zege hadi zege lenyewe linapasuka. Acha zege likae siku 7 ukilimwagilia kabla ya kuning'iniza chochote, na kwa mabawa mazito subiri hadi siku 28.

Ardhi nayo ina neno lake. Kisiwani na sehemu za Nyali unaweza kugonga mwamba wa matumbawe kabla hujafika nusu mita. Hapo nguzo hushikwa vizuri ukitoboa mwamba na kuzamisha nondo ndani. Kwenye mchanga mtupu, kama ilivyo sehemu nyingi za karibu na ufuo, shimo la nusu mita halitoshi hata kwa geti dogo. Nenda chini mita moja, na upanue kitako. Kwenye udongo wa mfinyanzi, wa aina unaokutana nao ukiingia bara kupita Changamwe, ardhi huvimba masika na kunywea kiangazi, na nguzo husogea nayo.

Kwa geti pana ningependekeza jambo moja ambalo wengi huliona ni gharama bure: bimu ya zege chini ya ardhi, inayounganisha msingi wa nguzo hii na ule wa pili, ikipita chini ya njia ya gari. Nguzo mbili zinazotaka kuegemeana hapo huzuiana. Bimu ya sentimita 20 kwa 30 yenye nondo 4 hufanya kazi ambayo msingi mkubwa wa zege peke yake hauwezi. Kama unajenga upya, simamia iwekwe. Ukiiacha, baadaye utalazimika kuvunja kabro yote, yaani vitofali vya njia ya gari.

Nguzo ya zamani ambayo huwezi kuibomoa sasa hivi inaweza kusaidiwa na ukuta wake, kama ukuta huo ni imara: bolti ndefu ipite nguzo nzima na kukamata bamba la chuma upande wa pili, badala ya kutegemea tundu moja ndani ya jiwe. Hilo litaokoa bawaba. Nguzo inayoegemea yenyewe halitainyoosha.

Bawaba zinacheza

Dalili: nguzo haitikisiki, fremu ina mraba, lakini ukiinua ncha kwa mkono bawa linapanda kabla ya kitu kingine kusogea. Tazama vitu viwili. Kwanza kipini na tundu lake. Kipini kikiliwa hadi kikawa chembamba katikati, hakuna grisi itakayokirudisha. Badilisha. Pili parafujo. Bawaba ya geti isifungwe kwa parafujo peke yake. Iwe na bolti zinazopita mti mzima, nati na washa pana upande wa pili. Parafujo iliyozama kwenye mti uliolowa na kukauka mara nyingi hutoka kama jino bovu.

Hewa yetu ina chumvi, na chuma cha kawaida kilichopakwa rangi tu hakichukui muda. Kutu ikiingia kati ya bamba na mti huvimba, husukuma bamba nje na kupasua ubao. Michirizi ya kahawia chini ya kila bolti ni onyo la mapema. Chuma kilichochovywa kwenye zinki ya moto ndicho cha chini kabisa cha kukubali. Ukiwa mbele ya bahari, chukua chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Daraja la 304, ambalo hupatikana kwa urahisi zaidi, huanza kupata madoa ya rangi ya chai likipigwa na upepo wa chumvi. Ukimpa fundi wa kuchomelea chuma chenye zinki, kumbuka moto umeichoma zinki pale alipogusa. Mahali hapo pasuguliwe na kupakwa rangi ya zinki siku hiyo hiyo.

Bawaba ya tatu katikati haisaidii kama watu wanavyodhani. Isiponyooka kabisa na zile mbili, hujibana na kula kipini. Kama unataka ya tatu, iweke karibu na ya juu, ambako mvuto uko.

Pita Mji wa Kale uitazame milango mikubwa ya kuchonga. Milango ya namna ile kwa asili haikuning'inia kwenye bawaba za chuma. Kila bawa lilikuwa na kipini juu na kingine chini, vilivyochongwa kwenye mti wenyewe na kuingia kwenye matundu ya vizingiti. Uzito wote ulisimama chini, juu kulikuwa na kushikilia tu, na kila bawa lilikuwa jembamba kuliko kimo chake. Mfaa, yaani ubao wa wima wa katikati, uliziba mwanya kati ya mabawa. Kwa geti zito leo unaweza kuiga hilo: chini weka kipini kinachozunguka juu ya bearingi ndani ya kikombe cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, na juu weka pete ya kushikilia. Kikombe kiwe na tundu la kutolea maji, la sivyo masika yatakigeuza kisima cha kutu. Kipini cha chini hakiondoi mvuto wa juu, lakini kinaondoa ule uzito wa kwenda chini ambao hunyofoa bawaba kwenye nguzo.

Fremu imepoteza mraba

Mishazari yako haikulingana. Karibu kila mara utakuta mojawapo ya haya: hakuna mkono wa mshazari, au mkono umewekwa kinyume, au viungo vya kona ni misumari mitupu.

Mkono wa mbao uanzie chini upande wa bawaba, ukipanda hadi juu upande wa komeo. Hapo ncha inapotaka kushuka, mkono unakandamizwa, na mbao hupenda kukandamizwa. Ukiugeuza, uanzie juu kwenye bawaba ushuke kuelekea komeo, utakuwa unavutwa, na kitakachobeba mvuto huo wote ni misumari miwili mitatu ya nchani. Mageti mengi ya mabawa mawili yana mikono iliyogeuzwa kwa sababu mtu alitaka umbo fulani la kupendeza yakifungwa. Yakitazamwa kutoka barabarani, mikono sahihi hupanda kutoka nguzo zote mbili na kukutana juu katikati, kama paa la nyumba.

Ncha za mkono zikae ndani ya kona, zikiwa zimekatwa zikashikana barabara na mwimo na ubao wa kulala. Karatasi ikipita kwenye kiungo, kikate upya. Mkono uliogongomewa tu juu ya mbao bila kugusa kona ni pambo.

Kama mbao za fremu ni nzima, kuna njia ya kuokoa geti bila kulivunja. Inua ncha kwa jeki hadi mishazari ilingane, ipite kidogo, milimita 5 hivi. Kisha funga kamba ya waya ya chuma au fito ya chuma ya milimita 10 kutoka kona ya juu ya upande wa bawaba hadi kona ya chini ya upande wa komeo, ikiwa na kikazo cha kuzungusha katikati. Mwelekeo huu ni kinyume cha ule wa mkono wa mbao, kwa kuwa chuma kinapenda kuvutwa. Kaza, ondoa jeki, pima tena. Waya ukishikwa na bamba lenye bolti utafanya kazi. Ukishikwa na msumari uliokunjwa, utautoa msumari.

Kwenye bawa la mita 3 mkono wa kona kwa kona unalala mno, karibu nyuzi 31, na unapoteza nguvu. Usimamishe uwe karibu nyuzi 45: uishie kwenye ubao wa juu mahali palipo theluthi mbili za upana, kisha ncha iliyobaki uishike kwa fito ya chuma. Au, na hili ndilo ningechagua mimi, usitengeneze bawa la mita 3.

Linabana masika, kiangazi linapita

Hapa hakuna kilichoshuka. Mbao zimekunywa maji. Mti huvimba kwa upana wake, si kwa urefu wake, kwa hivyo mbao 12 za wima zilizobanwa ubavu kwa ubavu, kila moja ikivimba milimita 2, zinadai milimita 24 ambazo hazipo. Zitasukuma miimo nje au zitafungua viungo. Ukikata wakati huo, Kaskazi ikianza kukausha utabaki na mwanya wa kupitisha paka. Acha nafasi ya milimita 5 kati ya mbao, au zipishane kwa ulimi usiogundishwa, na kila ubao ushikwe kwa parafujo karibu na katikati yake.

Mbao mbichi hufanya kinyume. Kwa hewa ya pwani, ubao wa nje hutulia ukiwa na unyevu wa karibu asilimia 15. Ubao uliotoka kupasuliwa una unyevu mwingi zaidi, na ubao wa milimita 150 unaweza kunywea milimita 3 hadi 5 ukikaukia getini. Viungo vilivyokuwa vimebana siku ya kwanza hucheza. Nunua mbao mapema, zipange kivulini zikiwa na vijiti kati yake, uzipe miezi kadhaa.

Bawa limepindika

Kona moja inatoka mbele, komeo halifiki tunduni. Hii ni mbao mbichi, au upande mmoja umepakwa vanishi na wa ndani ukaachwa mtupu, au jua la mchana linachoma upande mmoja tu. Paka pande zote na hasa ncha zilizokatwa, kwa kuwa mti hunywa maji nchani kuliko ubavuni. Bawa lililokwisha kupindika halinyooki kwa rangi. Waya wa kukazia ukipitishwa upande uliovimba huweza kulirudisha kiasi.

Geti linalojifungua lenyewe halina siri: bawaba hazikai kwenye mstari mmoja wa wima. Lidondoshee timazi.

Ukilipanga upya

Anza na upana. Njia ya gari ya mita 3.6 iwe mabawa mawili ya mita 1.8. Ukihitaji mita 4.8 au zaidi, mabawa mawili ya mbao tupu yanaanza kuwa mzigo. Fikiria fremu ya chuma chenye zinki iliyovikwa mbao nyepesi, au geti la kusukuma kwenye reli kama una ukuta wa kutosha wa kulipokea. Mabawa yasiyolingana, la mita 2.4 la gari na la mita 1.2 la watu, yanavutia, lakini nguzo ya bawa kubwa lazima ijengwe kwa hesabu ya bawa kubwa.

Punguza uzito ulipo mbali na bawaba. Mbao za milimita 20 badala ya 25 zinatosha kwa kuvika. Mbao zilizoachana hupunguza kilo na huacha upepo wa Kusi upite, badala ya kuligeuza geti kuwa tanga. Saiprasi ni nyepesi kuliko mvule, bawa lile lile la kilo 90 likija kama 65, ila isipotiwa dawa mchwa hawataisubiri. Mbambakofi hudumu sana na ni nzito. Itumie kwenye fremu, usiivike geti zima. Viungo vya kona viwe vya ulimi na tundu, vyenye vigingi vya mti mgumu.

Gurudumu kwenye ncha ya bawa linasaidia juu ya zege au kabro iliyo sawa. Juu ya changarawe au mchanga linazama na kulivuta bawa kando, na sijaona faida yake.

Unapolining'iniza, acha sentimita 5 hadi 7 chini, na uinue ncha ya komeo milimita 6 hadi 10 juu ya mstari. Geti jipya hukaa kitako kidogo viungo vikijipanga. Kisha zika jiwe au kipande cha zege katikati ambapo mabawa yakifungwa yanakalia, ili usiku kucha bawaba zipumzike. Masika ya kwanza yakipita, rudi na spana ukaze kila nati, upime mishazari yote minne, na uandike vipimo hivyo kwa penseli nyuma ya ubao wa juu, mahali mvua haifiki.